Beseni la Matanga

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, walisonga ugali na kusengenyana mlangoni kama sisi tu, alikuwapo mama mmoja jina lake Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule wa kwenye mawe! Ukimwona unadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Mama huyo alikuwa na watoto wawili, Machano na Sikitu. Siku tunayoanzia hadithi, amebaki na mmoja.

Msinikodolee macho hivyo. Najua mmezoea nianze kwa kuwachekesha. Tutacheka, lakini leo kicheko chenyewe kina machozi ndani yake.

Machano alikuwa amezikwa asubuhi. Mama yake akakaa jikoni, kinu katikati ya miguu, anatwanga. Twa! Twa! Twa! Hakuwa anatwanga mahindi. Alikuwa anatwanga pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu, zenye hasira kuliko umbo lake. Zilipolainika, akatumbukiza mikono yote miwili kinuni, akajipaka, akasugua mpaka katikati ya vidole. Kisha akachukua kitambaa akapangusa, akapangusa tena, hata haikubaki punje wala rangi. Ungeitazama mikono ile ungesema, huyu mama msafi!

"Mama," Sikitu akauliza, "mboga si imeshaiva? Pilipili ya nini tena?"

"Ya wageni."

"Na mimi nitakula nao?"

"Wewe leo hugusi beseni. Umenisikia? Hata Mzee Tembo akikuita kwa jina lako na la babu yako, hugusi!"

Sikitu akanong'ona, "Watatufukuza, mama."

Na mtoto alisema kweli, maana kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Palikuwa na beseni moja la bati, la harusi, la ngoma na la matanga. Kabla ya chakula, beseni linapitishwa. Ananawa mkubwa kuliko wote, anafuata wa chini yake, na wa chini yake, mpaka linafika kwa wadogo huku mwisho. Maji ni yale yale! Yakimfikia pimbi yamekuwa mazito kama uji. Na asiyenawa na wenzake si mwenzao, anafunga virago anahama. Sasa pimbi ahamie wapi? Nje ya kijiji kuna tai, na tai hana desturi, ana njaa tu.

Masika ya mwaka ule uliingia ugonjwa wa kuhara. Ukabeba mtoto wa huyu, ukabeba mtoto wa yule. Bi Pimbi, kwa kuwa kila siku alikaa mwisho wa mstari na hakuwa na la kufanya ila kusubiri, alikuwa akitazama nani ananawa baada ya nani. Akaona. Kwenye matanga ya mtoto wa Bi Swala, akasimama juu ya jiwe ili angalau aonekane.

"Mjomba Tembo," alisema, maana pimbi na tembo waliitana ndugu tangu mababu, "na nyinyi wazee wangu. Ugonjwa huu umo ndani ya beseni. Angalieni wanaougua ni akina nani. Ni sisi tunaonawa mwisho! Kuna vidudu humo, vidogo hata havionekani. Tumiminiane maji kwa kata, kila mtu na maji yake, tusugue mikono na majivu."

Tembo, jumbe wa kijiji, akaangua kicheko. Kha! Kha! Kha! Majani ya mti yakapukutika.

"Kidudu! Mimi, ambaye nikipiga chafya nyumba inahama, niangushwe na kitu ambacho hata sikioni? Mpwa wangu, umekula nini?"

Hapo akajitokeza Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa mganga wa kijiji. Mganga gani? Alikuwa na tumbo kubwa na sauti nzito, basi, wengi hawaulizi zaidi ya hapo.

"Dada yangu Pimbi," akasema kwa upole ule wa kumkera mtu, "ugonjwa hautoki nje. Unaota ndani. Mwenye hofu, mwenye kinyongo, tumbo lake linachacha lenyewe. Mwenye moyo safi haugui! Nitazame mimi. Nalala majini, nakunywa maji hayo hayo, na haja zangu namalizia humo humo. Nimewahi kuumwa hata jino?"

"Hujawahi!" wakaitikia wote.

"Hivyo vidudu vyako vinaniogopa?"

"Kha! Kha! Kha!"

Kisha akamgeukia mfiwa. "Pole sana, Bi Swala. Lakini tuambizane ukweli. Wewe ulikuwa na kinyongo na mama mkwe wako. Mtoto alikinyonya kwenye maziwa."

Bi Swala akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakukiinua tena. Hata kisimani alikuwa akisalimia miguu ya watu.

Na beseni likapita. Bi Pimbi alilitazama, akamtazama Tembo anavyomtazama, akawaza tai. Akanawa. Machano, ambaye alipenda ugali kuliko kucheza, akatumbukiza mikono yake nyuma ya mama yake, chubwi! Sikitu alikuwa amelala nyumbani, ndicho kilichomwokoa.

Jua halijazama, Machano ameshika tumbo. "Mama, nina kiu." Anapewa. "Mama, nina kiu." Anapewa, yanatoka. Alikufa bado anaomba maji.

Basi, ndipo tulipoanza kutwanga pilipili.

Wageni wakafika. Du! Du! Du! Tembo. Pwata, pwata, pwata, Kiboko, bado anachuruzika maji ya mto. Nyati, Punda milia, Bi Swala na kichwa chake chini. Wakajipanga mkekani kwa ukubwa wao kama kawaida, na beseni likaletwa, limejaa maji maangavu.

"Mjomba," Bi Pimbi akasema, "mfiwa ana ombi."

"Sema, mpwa wangu. Leo hunyimwi."

"Nataka leo ninawe wa kwanza. Kabla yako."

Watu wakaguna, mmm! Nyati akakohoa. Lakini Kiboko akapiga makofi. "Mmemwona? Anataka kunawa! Juzi beseni lina vidudu, leo analililia. Hofu imeanza kumtoka. Mwache, Mzee, anapona huyo."

Bi Pimbi akatumbukiza mikono yake midogo. Akainawa taratibu, kidole kwa kidole, akikamua, akisugua. Kila aliyekuwepo alidhani ni huzuni inayomchelewesha. Alipomaliza, Tembo akachungulia majini kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Maji meupe pe! Mganga, wewe unaona kidudu?"

"Sioni hata mkia wake!"

Wakanawa wakicheka. Tembo na mkonga wake mzima. Kiboko. Nyati. Punda milia. Bi Swala. Beseni lilipokaribia mwisho, macho ya Tembo yakamwangukia Sikitu.

"Na huyu mdogo? Mbona haji?"

Bi Pimbi akadakia haraka: "Atakuja, Mjomba. Kwanza tumlilie kaka yake. Ndiyo desturi."

Kweli ilikuwa desturi. Wakishanawa, mganga husema neno la marehemu, wote hulia kidogo kwa heshima na kupangusa macho, ndipo sinia linapofunuliwa. Kiboko akasimama, akasafisha koo.

"Machano alikuwa mtoto mzuri. Mchangamfu. Kilichomuua ni hofu. Na hofu hakuzaliwa nayo, jamani, alitiwa na mama yake, kwa maneno yake ya vidudu. Mama ndiye aliyemchachusha tumbo. Tumsamehe. Tulie."

Bi Pimbi alikuwa ameuma ulimi mpaka akausikia unaonja chumvi.

"Uuuuu!" akalia Tembo, akajipangusa kwa ncha ya mkonga, jicho la kulia, jicho la kushoto.

"Wiii!" akalia Punda milia, akajifuta.

"Oooo, Machano!" akalia Kiboko, ambaye hakuwa na chozi hata la dawa, kwa hiyo ilimbidi asugue sana ili lipatikane.

Lilipatikana!

"Yalaaa! Macho yangu!"

"Moto! Moto! Nani kanichoma?"

"PCHAAA!" Tembo akapiga chafya, na nyumba ya jirani ikahama kweli. "Mkonga wangu! Jamani, mkonga wangu unaungua kwa ndani!" Nyati akampiga kumbo Punda milia, Punda milia akamkalia Kiboko, Kiboko akakalia sinia la mboga, fwaaa! Matanga yakawa mieleka.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake. Safari hii hapakuwa na wa kumwona, wote walikuwa wamefumba macho. Lakini walimsikia.

"Mjomba, uliona nini kwenye maji?"

"Sikuona kitu!"

"Na wewe, mganga?"

"Sikuona! Aaah! Sikuona!"

"Mbona kinawachoma?"

Wakakoroma na kupenga makamasi.

"Ni hofu yenu!" Kiboko akabwata, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Inawatoka kutoka ndani!"

"Sawa, mganga," akasema Bi Pimbi. "Na yako wewe mwenye moyo safi imetoka wapi?"

Kiboko akafungua kinywa, kile kipana kama mlango wa ghala. Ikatoka chafya tu.

"Nilitwanga pilipili," Bi Pimbi akasema, na sauti yake haikuwa ya mshindi. "Majini sikutia kitu. Nilitia mikono yangu tu. Imetoka kwangu ikaenda kwa Mjomba, ikaenda kwa mganga, ikaenda kwa kila mmoja, na hakuna aliyeiona ikipita. Leo mmenawa nyuma ya pimbi. Mmejionea. Sisi tunanawa nyuma yenu kila siku."

Kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mwanawe, Bi Swala akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wengine.

"Bi Pimbi, shoga yangu," akasema taratibu. "Kwa hiyo mwanangu... si kile kinyongo changu?"

"Kinyongo chako hakimuui hata mbu, shoga. Mama mkwe mwenyewe yuko hai, anakusema mpaka leo. Mtoto alinawa maji ya watu wote. Basi."

Bi Swala akakaa chini pale pale mavumbini. Chozi lililomtoka safari hiyo halikuwa la pilipili, na mlio wake haukuwa ule wa heshima. Wanyama wakubwa wakageuza nyuso, kila mmoja akatafuta mahali pa kutazama kwa macho yasiyofunguka.

"Mpwa wangu," Tembo akasema, sasa kwa sauti ndogo kuliko mwili wake. "Jambo kubwa hivi, mbona hukutuambia mapema?"

"Niliwaambia, Mjomba. Ulicheka mpaka majani yakapukutika."

Tembo akainamisha mkonga.

"Sikitu!" Bi Pimbi akaita. "Lete kata na majivu."

Mtoto akaja na mtungi kichwani. Tembo akanyoosha mkonga, akamiminiwa maji yake peke yake, akasuguliwa majivu, akamiminiwa tena. Akafuata Nyati. Akafuata Bi Swala, na Sikitu akamsugua polepole kuliko wote. Hata Kiboko alinyoosha mikono, ingawa alikuwa akisema ananyoosha kwa heshima ya mfiwa tu, si kwamba anakubali. Alipopata nafuu, pwata, pwata, akarudi zake mtoni. Nasikia huko wapo wanaomfuata hadi leo.

Macho yalipofunguka, Tembo akaliendea beseni. Akainua mguu. KRAAA! Likawa bapa kama chapati. Kijiji kizima kikashangilia, wadogo wakirukaruka huku mwisho wa mstari ambao haukuwa mwisho tena.

Bi Pimbi peke yake hakushangilia. Alisimama na mkono wa Sikitu mkononi mwake, akitazama bati lile. Mguu mmoja tu, pigo moja tu. Kumbe lilikuwa jepesi hivyo kuvunjika, hata siku ile ya matanga ya mtoto wa Bi Swala.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni hili: kitu ambacho mkubwa anakicheka kwa kuwa hakioni, ndicho kinachomzika mdogo.

Haya, naona chakula kimeiva. Nyoosheni mikono niwamiminie, mmoja mmoja.