Mtoto Aliyesikiliza kwa Mbavu

Kina mama wenzangu, hebu tumwazie mama mmoja, kijana tu, mtoto wake wa kwanza, binti wa miezi kumi na moja. Mama huyu alikuwa na jambo hawezi kulitamka. Upepo ulibamiza mlango, mtoto kalala. Mbwa wa jirani kabweka dirishani, mtoto kalala. Akamwita akiwa nyuma yake, mara tatu, mara nne, mtoto anachezea kijiko chake tu. Akaingiwa na hofu: huyu hasikii.

Mama mkwe alipoigundua hofu ile akacheka. Akachukua sufuria, akanyata nyuma ya mtoto, akaigonga sakafuni, pwaa! Mtoto akageuka.

"Umeona? Huyu anasikia kuliko wewe, ninayekuita mara tano uje kula!"

"Kweli, mama," akasema, na kweli alifurahi, maana hata yeye alikuwa na ushahidi wake: akimbeba kwa mbeleko, akimwimbia, mtoto hutulia, hata awe analia namna gani. Asiyesikia atatulizwaje na wimbo? Ninyi mngesemaje? Mngesema anasikia.

Siku ya kupima uzito kliniki, nesi akamwona hana raha. "Mama, kuna nini?" Yakamtoka yote kwa pumzi moja.

"Fungua mbeleko. Mkalishe hapa juu ya godoro, atazame mbele." Nesi akapiga kengele ndogo nyuma ya sikio la kulia. Mtoto hana habari. La kushoto. Hana habari.

"Lakini nikimwimbia anatulia!"

"Anatulia akiwa mgongoni," nesi akasema polepole. "Kifua chake kimekulalia. Ukiimba, mgongo wako unatetemeka. Na ile sufuria, sakafu ndiyo iliyomwambia."

Jamani, tusimame hapo kidogo. Miezi kumi na moja mtoto anaupokea wimbo wa mama yake kwa mbavu! Hakuna aliyemfundisha. Ni nani aliyeiweka njia ile mwilini mwake, kabla hata mama hajajua kwamba ile nyingine haipitiki? Mimi nikiliwaza hilo nywele zinanisimama.

Nesi akachukua kalamu. "Nakuandikia rufaa, hospitali kubwa wampime kwa mashine."

"Dada, nikienda wakisema ni kiziwi?"

"Usipokwenda, atasikia?"

Mama akamkumbatia mwanawe, akalia, kisha akasema, "Kila siku nimemwomba Mungu amponye. Na kila siku nimemwomba asinionyeshe kama anaumwa."

Wapendwa, hizo ni sala mbili, na zinapigana. Na sisi je, si ndivyo tunavyosali? Tunasema tuna imani, tunamwachia Bwana, kumbe tunaogopa jibu tu, woga tumeuvalisha kitenge cha kanisani! Mungu aliyempa yule mtoto mbavu za kusikilizia ndiye aliyemweka nesi pale na kengele yake. Mbona kazi yake ya kwanza tunaishangilia, ya pili tunaikimbia?

Wewe unayemwita mwanao hageuki, unajiambia atakua tu, nakuona, ninakujua. Usingoje nikuite hapa mbele kukuombea. Nitakuombea ukiwa njiani. Kesho ni Jumatatu, kliniki inafunguliwa saa mbili.