Vifaranga wa Kilemba Cheupe

Haya sogeeni, na wewe toa huo mguu kwenye mkeka, tukae vizuri.

Hapo zamani za kale, kuku walikuwa wanafugwa na wanyama wenzao, wala si na sisi. Basi alikuwepo Pimbi, mama mmoja mdogo hivi, miguu mifupi, macho yanacheka. Anakaa juu majabalini na mumewe na watoto utitiri. Chini mtoni anakaa Kiboko.

Kiboko alikuwa na kuku jike wa mistari, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, utadhani kajifunga kanga. Lakini kufuga hawezi! Akitoka majini, puu! kakanyaga kifaranga. Akigeuka kuomba radhi, puu! kakanyaga mwingine.

Ndipo akampelekea Pimbi yule kuku. "Nilelee. Vifaranga tutagawana."

Pimbi akakubali mbio. Yeye alikuwa na jogoo mweusi tii, kapewa na mama yake siku ya kuolewa. Jogoo anaye, kuku jike hana. Akawaza, nikipata mtetea mmoja tu wa kwangu, watoto hawa watakula mayai mpaka wachague.

Weee! Hakumjua Kiboko. Vifaranga wakishakua, huyo anapanda, gudu, gudu, gudu. Anakaa, anasikiliza. Anayewika, "Wako huyo!" Asiyewika, "Wangu huyo!" Anatupia kwenye tenga, anashuka nao, supu. Rangi haangalii, sura haangalii.

Miaka nenda miaka rudi, Pimbi anabaki na majogoo. Asubuhi wanawika mpaka watoto wanaziba masikio, na yai hata la dawa hakuna, maana ya kuku yule yote yanaatamiwa.

"Mjomba, niachie hata mtetea mmoja."

"Hoh hoh hoh! Pimbi wewe, na urefu huo, yai utalifikia?"

Mwaka mmoja akaja na habari mpya. "Hii mara ya mwisho. Vifaranga hawa wakishaacha mama, kuku wangu namchukua. Nampeleka zawadi kwa wakwe zangu."

Pimbi akapiga hesabu. Asipopata mtetea safari hii, basi tena, hapati maisha.

Mayai yakaanguliwa. Chwi chwi chwi! Vifaranga wote weusi, ila wengine utosini wana doa jeupe, kama wamedondokewa na tone la uji.

Pimbi akamwita mumewe. "Baba Koche, njoo uone. Hawa wa doa ni majogoo. Hawa weusi watupu ni mitetea."

"Umewauliza?"

"Nimewalea! Kila mwaka nawaangalia. Kuku huyu mistari yake anawapa watoto wa kiume tu. Wa kike wanatoka na weusi wa baba yao."

"Binti zake mistari anawanyima? Lo, kuku mchoyo!"

"Mchoyo, si mchoyo, ndivyo alivyo. Na ole wako ufungue domo lako mbele ya Kiboko."

Akashuka mtoni, tuku tuku tuku. "Mjomba, safari hii tugawane leo leo, wangali wadogo. Kesho mwewe akichukua mmoja, utasema nimekula mimi."

Kiboko akatoa pua majini, pfuuu! "Na jike nitamjuaje?"

"Bahati ya mtu, mjomba. Nawe mwenye kuku ndiye unayechagua kwanza."

Hapo Kiboko akapenda. Kuchagua kwanza alikupenda kuliko kula, na kula alivyokupenda! Akapanda, gudu, gudu. Kufika, akamkuta Pimbi amekaa, leso kaifunika mapajani, na chini vifaranga weusi wanadonoa.

"Umeficha nini humo?"

"Hamna kitu, mjomba. Chagua hao hapo chini, weusi wazuri."

Chwi chwi! leso ikalia.

"Fungua!"

Pimbi akafungua taratibu, uso kauinamisha.

"Ala! Wamevaa vilemba!"

"Niachie hawa, mjomba. Mwenzio nimewapenda."

"Kumbe! Mtu mdogo, ujanja debe. Leta hapa!"

Baba Koche maskini akashtuka. "Lakini Mama Koche, si hao ndio uliosema ni majo..."

Pimbi akamtia kiazi mdomoni, gubu! "Maajabu! Anasema ni maajabu. Mjomba, waache hao, usije ukajuta."

"Nijute mimi? Wa vilemba wangu wote! Nawe utanilelea mpaka wakue, na usinibadilishie."

"Hawabadilishiki hao. Wakikua wataota mistari kama mama yao, utawajua."

Kiboko akashuka anaimba. Pimbi analia jicho moja, jicho la pili linacheka.

Siku zikapita. Wa vilemba wakaota mistari, wakapendeza, Kiboko akawachukua kabla hata hawajawika. Mama yao akampeleka ukweni kama alivyosema, na huko akajisifu. "Karibuni kwangu mle mayai! Nina mitetea wa kilemba, hamjapata kuona!" Akawatengenezea viota vya matete, akabandika na sufuria kabisa.

Wakwe wakaja, wakalala. Alfajiri, Kiboko kakaa mbele ya viota, anangoja.

"Kokorikooo!"

"Aa, huyo mmoja tu," akasema.

"Kokorikooo!" wa pili. "Kokorikooo!" kote kote, banda zima!

Mama mkwe akatoa kichwa nje. "Mkwe wangu, mayai yako ndiyo yanawika hivyo?"

Kiboko akapanda majabali mbio, wakwe nyuma yake. Kufika kwa Pimbi, mitetea weusi wamejaa uani, koo koo koo, na jikoni mafuta yanalia, chwaaa!

"Pimbi! Umenibadilishia kuku!"

"Mjomba, kuku wako wana mistari au hawana?"

"Wanayo."

"Basi ndio hao hao."

"Ulijua ni majogoo!"

"Nilijua. Nikakwambia utajuta."

Mama mkwe akauliza, "Kwani nani alichagua?"

Kiboko akakohoa. Akaangalia mawingu. "Mi... mimi."

Wakwe wakacheka mpaka wakakaa chini. Pimbi akawakaribisha, akawaandalia mayai na viazi. Kiboko mlangoni hapiti, akapitishiwa lake dirishani. Akala, akalamba midomo.

"Chumvi kidogo," akasema.

Basi wajukuu zangu, anayelea ndiye anayejua. Anayekuja siku ya kugawana tu, huchukua kinachomng'aria macho.