Ukoko wa Makaroni

Kwaru, kwaru, kwaru. Usiku wa manane kijiko kilikuwa kinakwaruza sufuria jikoni, na Atuganile akaamka moyo unamwenda mbio, maana pale ubavuni alipomlaza mwanawe Gwamaka palikuwa patupu.

Mnisikilize kwanza ya jioni, ndipo mtajua kwa nini aliogopa.

Nyumba ni ya vyumba viwili, mjini Mbeya. Atuganile, mama mtu, alijaliwa mkono wa nyama. Kabla ya kuolewa alipika kwenye mgahawa, na nyama ya kusaga ikipita kwake, hata aliyeshiba anavuta kiti.

Bibi, mama mkwe wake aliyekuja kutoka Tukuyu, alijaliwa maziwa. Aliyaacha yatulie mpaka krimu ijikusanye juu, nzito, ukichomeka kijiko kinasimama.

Subilaga, wifi mtu, alijaliwa moto. Mkaa ulionyeshewa, ambao wewe ungeutupa, yeye anauwasha. Kasoro yake ni simu.

Na Gwamaka, miaka mitatu, alikuwa hali chakula. Homa ilikwisha lakini hamu haikurudi, siku ya nne sasa, maji na chai tu, na zahanati wameshasema hana ugonjwa, kilichobaki ni kula. Mchana baba yake, Ambakisye, akapiga simu kutoka safarini na lori lake, wote watatu wanasikia.

"Leo mpikieni. Ambaye mtoto atakula chakula chake, ndiye atakaa naye miezi hii mitatu mpaka nirudi. Ikiwa ni wewe, mama, nenda naye Tukuyu. Sitaki ubishi."

Bibi akazikunja nguo za mtoto akazitia kwenye mkoba wake, kimya kimya. Atuganile akaziona.

Gesi ilikuwa imekwisha, jiko la mkaa ni moja, kwa hiyo hapakuwa na wa kupika peke yake. Subilaga akawasha moto. Atuganile akakaanga kitunguu, kitunguu saumu, nyama, nyanya, akamimina maji na makaroni mabichi humo humo, kama walivyofanya mgahawani, kila kitu sufuria moja.

Bibi akachungulia. "Mchuzi huu atakunywa au atakula?" Akafungua kidumu chake akamimina krimu yote, na mchuzi ukawa mzito, ukang'ang'ania makaroni.

"Wifi, koroga, usiache chini," Atuganile akasema, akaenda kumwogesha mtoto. Simu ya Subilaga ikalia, akatoka nayo uani.

Aliporudi, harufu ya kuungua ilikuwa imeshamfikia Bibi, naye amesimama jikoni.

"Umeunguza chakula cha mgonjwa."

"Hakijaungua, mama, kimeshika tu."

"Haya, iulize sufuria."

Wakapakua makaroni ya juu, laini, nyeupe kwa krimu. Kijiko cha mama, Gwamaka akageuza uso. Kijiko cha Bibi, akalia. Bibi akaweka sahani chini, akamgeukia Atuganile.

"Mwanangu, kesho naondoka naye. Si ugomvi. Kwako anaisha."

Subilaga akaambiwa aloweke sufuria. Simu ikalia tena, akasahau.

Basi usiku ule Atuganile akafika jikoni, akamkuta mtoto sakafuni, sufuria katikati ya miguu, anabandua ukoko wa kahawia, mkavu, ulioshikana na nyama na krimu.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "gumu. Tamu."

Atuganile akakaa chini palepale, hakuthubutu hata kumfuta kidevu. Bibi akaja, na Subilaga nyuma yake, wakasimama mlangoni. Mtoto alikula mpaka sufuria ikang'aa, akalala hapo hapo, kichwa kwenye paja la mama yake.

"Ni nyama yangu," Atuganile akanong'ona.

"Nyama ulimpa juzi akaitema," Bibi akasema. "Kilichoshika pale ni krimu yangu."

"Maziwa yako jana aliyamwaga, mama."

"Na mimi?" Subilaga akauliza. "Vyote viwili mmempa kwenye sahani akavikataa. Alichokula ni kosa langu."

"Kwa hiyo wewe ndiye umlee?" Bibi akauliza.

"Sijasema hivyo. Mkikubali ni mimi, basi mimi ndiye nitakayesema akae wapi."

"Wapi?" Atuganile akauliza, haraka mno.

"Mkubali kwanza."

Shati la mtoto lilikuwa limechafuka kwa mafuta. Atuganile akanyoosha mkono, akachukua jingine kutoka kwenye mkoba wa Bibi, akamvalisha. Bibi hakumzuia, wala hakuufunga mkoba.

Alfajiri simu ikaita. Ambakisye anauliza jambo moja: mtoto amekula chakula cha nani?

Je, wewe ungeamua vipi? Aliyeunga nyama, aliyetoa krimu, au aliyesahau kukoroga? Ninong'oneze jibu lako. Naahidi sitamwambia mtu mwingine, hata Atuganile akinibembeleza.