Kiota Alichofumua Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kando ya mto mmoja, alikuwako ndege Mnana, fundi wa kusuka viota. Alisuka kwa mdomo tu. Ndege wengine walikuja kuvitazama.

Siku moja alikuja Njiwa. Kila akitaga, Nyoka alipanda, swaa, swaa, akala mayai. Sasa alikaribia kutaga tena, na msimu ulikuwa unakwisha. Akamwomba Mnana amjengee.

Mnana hakuuliza neno. Akachana majani, akasuka, akasuka. Kiota kikaning'inia juu ya maji, kwenye ncha ya tawi, mlango ukitazama chini, kama viota vyote vya akina Mnana. Hata Tai alipopita alitua akakisifu.

Njiwa akashukuru sana. Lakini mvua iliponyesha, Mnana alimwona amejikunyata nje, juu ya tawi, analowa.

"Dada, mbona huingii?"

Njiwa akatazama kando. "Ni kizuri mno, fundi. Niliona haya kusema. Mimi siwezi kuning'inia. Sisi njiwa huingia kiotani kwa kutembea."

Kwao Mnana, mke akikataa kiota, mume hukifumua chote akaanza upya, wala hanuni. Lakini hiki Tai alikisifu. Moyo ukasita. Akamtazama Njiwa anavyotetemeka. Akashika jani la kwanza, akavuta, akafumua. Kiota kikaanguka mtoni, chubwi.

Safari hii aliuliza. Unatuaje? Unalalaje? Nyoka hupitia wapi? Njiwa akaomba tawi nene, aone raha kutua.

"Hapo sijengi, dada. Tawi linalokubeba wewe kwa raha litambeba na Nyoka."

Wakakubaliana ncha ileile, mlango ubavuni. Kila Mnana aliposuka kidogo, Njiwa aliingia, akageuka, akasema panabana. Mnana akafumua, akasuka, hadi pakamtosha.

Njiwa akataga. Nyoka akaja, swaa, swaa. Tawi likapinda, likapinda, naye akatumbukia, chubwi, maji yakamchukua.

Kisha asubuhi moja, ndani ya kiota, ko. Ko, ko. Halafu sauti nyembamba: pii. Ndege wote wakasogea. Mnana alikuwa amesuka viota vingi vya kutazamwa. Hiki kilikuwa kinapumua. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

Basi, wadogo kwa wakubwa: unapomfanyia mwenzio kazi, muulize kwanza anavyoishi, mwonyeshe kazi kabla haijaisha, na lisilofaa mwambie, hata kama ameliomba.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami naiacha mikononi mwenu.