Kanga ya Bi Saumu Isiyo na Jina

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, zamani ya kompyuta zenye kisogo, paliondokea mama mmoja Ngamiani, Tanga, akiitwa Bi Saumu. Mumewe, Mbwana, alikuwa mchoraji wa kanga. Alichorea kwenye kompyuta ndogo ya kubebwa kama mtoto, kioo na kiwiliwili kitu kimoja. Lakini ukiiwasha, lahaula, rangi! Chumba kizima kiligeuka ndoto.

Mbwana alikuwa na desturi yake. Huchora pindo, huchora mji wa katikati, pahala pa jina hupaacha wazi. Kisha humwita mkewe: "Saumu, inasema nini?" Atakalojibu Saumu ndilo jina. Wanawake wa Tanga walijifunga maneno ya Bi Saumu wala hawajui.

"Na yangu je?" aliuliza kila Idi.

"Yako naichora, mke wangu. Usinikimbize."

Akafa hajamwonyesha. Haikupita muda, kompyuta nayo ikazima. Bi Saumu alipotoka eda alilia upya, safari hii akiililia kanga. Akaweka nadhiri mbele ya majirani: "Atakayenitolea kanga yangu humo ndani, jina ataitia yeye."

Akaja Shekue, fundi redio. Akafungua, akakuta kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevuja, zimekula bodi. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akalehemu mpya, ikawaka! Bi Saumu akapiga kigelegele. Lakini mchoro, wapi, haufunguki.

"Memori nazo zimeliwa, haziwezi kuubeba mchoro," akasema Shekue. "Ila nina bodi nyingine, ya mbio. Nikiibandika hapa itapaa. Tatizo, yaweza isielewane na diski yako ikafuta kila kitu."

"Wee, koma!" akasema Bi Saumu. "Niachie na upole wake."

Akaja Mwanjaa, mama mpiga chapa wa mtaa. Yeye alikuwa na kompyuta pacha wa ile, iliyomlishia wanawe. Akang'oa memori zake akazileta kiganjani. Ya kwake akaifunika shuka, akajikaza asilie.

Basi adhuhuri ile, Shekue keshazipachika, mapazia yameshushwa, mchoro ukaanza kufunguka mstari kwa mstari, taratibu, kama usingizi unavyokuja. Pindo likatokea, kijani. Mara mashine ikachemka, rangi zikatetemeka.

"Nikiizima, sina hakika itawaka tena," akasema Shekue. "Nikiiacha, itaungua."

Sasa hapo alikuwapo Makoko, jirani, mvivu aliyejaaliwa, aliyefuata kahawa tu. Akachukua kipepeo cha jikoni, akapepea. Akapepea mkono huu, akapepea mkono ule. Shekue akasinzia, Mwanjaa akasinzia, Makoko anapepea. Bi Saumu, hajalala hajaamka, akaona mji ukishuka: ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika, linazunguka, linazunguka. Ndivyo Mbwana alivyommenyea machungwa tangu walipooana. Chini yake, pahala pa jina, peupe.

"Mume wangu," akasema, machozi yakamtoka.

Mchoro ukapelekwa kiwandani kuchapwa; kiwanda kikataka jina, maana bila jina kanga haichapwi. Ndipo ugomvi ulipozuka.

"Bila mimi lingekuwa boksi la kuwekea vitunguu," akasema Shekue. "Mimi ndiye niliyeifufua."

"Wewe ulitoa ufundi, bado unao," akajibu Mwanjaa. "Mimi yangu imebaki kipofu. Nani mwingine hapa aliyepoteza kitu?"

Makoko akasugua bega. "Nyie mlikuwa mnakoroma. Ingeungua, mngeamshwa na moshi. Nipeni jina niende zangu, mkono umekufa ganzi."

Bi Saumu akawatazama wote watatu, na wote aliwapenda. Lakini tangu lile chungwa lilipotimia pale kiooni, sikioni mwake ilikuwapo sauti: "Saumu, inasema nini?" Na jibu alikuwa nalo, liko ulimini, linamchoma. Ila nadhiri aliiweka mwenyewe, mbele za watu, na jina la kanga ni moja.

Haya, nyie mnaojifanya mnapiga miayo, niambieni kabla hamjanyanyuka: fundi aliyeifufua, mama aliyetoa ya kwake, mvivu aliyepepea, au mjane mwenye jibu mdomoni? Je, nani alistahili kuitia jina kanga ya Bi Saumu?