Kalunguyeye Amshonea Nyani Mkoba

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa ngozi!
Ngozi ya nani?
— Si yangu, si yako!
Basi vuteni huko, nami nivute huku, tuone itafika wapi.

Hapo kale, wanyama wa Milima ya Mawe walikuwa na desturi yao ya kuoza binti. Wakwe wakifika, baba wa binti huwapokea akiwa na mkoba wa ngozi begani. Hutia mkono mkobani, hutoa ugoro, huwapa. Wakinusa, wakipiga chafya, ndoa imefungwa. Na mkoba huo sharti baba awe ameushona mwenyewe. Mkoba wa kuazima hauozi binti. Ugoro wa mkononi hauozi binti. Wakwe huinuka, hujikung'uta vumbi, huenda zao, na wakienda hawarudi.

Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba mgongoni, alikuwa na binti, jina lake Mashavu. Mashavu alikuwa amempenda kijana mmoja, na kijana amempenda Mashavu, na siku ya wakwe ilikuwa imetajwa.

Basi Kalunguyeye akapata ngozi ya pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe, aliyekufa kwa uzee, akaanza kazi. Akakata kipande, akakiloweka. Akakwangua manyoya kwa jiwe: kwaru, kwaru, kwaru. Akakitia katika maji ya magome ya mgunga, akakiacha kinywe mpaka kikageuka rangi. Akakipaka mafuta, akakitwanga: pu, pu, pu. Kisha akang'oa mwiba wake mmoja mgongoni, "Aa!", akaufanya msharasi wa kutobolea. Mwiba ukiingia, chwi! Uzi ukipita, swaa! Chwi, swaa! Chwi, swaa! Mkoba ukawa mkoba. Akauvaa begani, akatembea mbele ya mkewe.

"Mama Mashavu, waonaje?"

"Naona mkoba unatembea," mkewe akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Wakacheka. Walipokuwa wakicheka wakasikia: puu! puu! puu!

Nyani huyo. Nyani dume wa jiwe la juu, mwenye mabega kama mlango. Alikaa peke yake, maana hakuna aliyependa kula naye. Alichokiona alikitaka, na alichokitaka alikichukua.

"We Kalunguyeye! Nini hicho?"

"Shikamoo, Bwana Nyani. Ni mkoba."

"Wa nani?"

"Wangu. Nimeushona mwenyewe."

"Umeshona wewe, nitavaa mimi. Una bega wewe? Hilo ni bega au ni kiwiko?"

Akauchukua. Puu, puu, puu, akaenda zake.

Kalunguyeye hakulia. Akakata kipande cha pili. Akaloweka. Akakwangua, kwaru, kwaru. Akatia katika magome, akasubiri. Akapaka mafuta, akatwanga, pu, pu. Akang'oa mwiba mwingine, "Aa!", akashona. Chwi, swaa! Chwi, swaa! Mkoba ukawa mkoba.

Puu! puu! puu!

"Kalunguyeye, mwingine tena? Umejuaje kuwa nina mabega mawili?"

Akauchukua. Puu, puu, puu, akaenda zake.

Siku ya wakwe ikafika. Asubuhi Mama Mashavu anasonga ugali, Mashavu anapakwa hina, Kalunguyeye amekaa mlangoni, bega tupu. Ngozi iliyobaki ilikuwepo, tena ndiyo kubwa kuliko zote, lakini ilikuwa mbichi. Ilikuwa imelowa maji matupu, haijaonja magome. Na magome hayaharakishwi.

"Baba Mashavu," mkewe akasema, "wageni wanafika alasiri. Utawapa ugoro kwa mkono?"

Kalunguyeye akaiinua ile ngozi, ikachuruzika maji. Kila mshona ngozi anajua jambo hili: ngozi iliyokunywa magome hutulia, lakini ngozi mbichi ikipigwa na jua hujikaza, na ilichokikumbatia haikiachi.

"Nitawapa kwa mkoba," akasema. "Ngoja niende kwa Nyani."

"Kumwomba?"

"Kumpa."

"Kumpa! Mashavu, njoo umwone baba yako. Jua halijapanda, yeye limeshamwingia kichwani."

Akaenda. Akapanda, akapanda, akafika kwenye jiwe la juu. Nyani amelala, na mikoba miwili imetundikwa pangoni.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta aibu yangu. Mikoba niliyokupa ni ya watu wadogo. Wewe ukiivaa watu wanasema, tazama, Nyani kajitundikia kibuyu. Mkoba wa dume kama wewe haushonwi ukavaliwa. Hushonwa juu ya mwili."

Nyani akakaa wima. "Wanasema kibuyu?"

"Wanasema."

"Nishonee! Nishonee sasa hivi!"

Kalunguyeye akamkalisha juu ya jiwe, akamvika ngozi mbichi, akashona. Chwi, swaa! Akapitisha mkanda begani, akaufungia mgongoni.

"Mkanda mmoja?" Nyani akauliza. "Dume kama mimi?"

"Mmoja unatosha, Bwana."

"Hautoshi! Weka wa pili!"

Akaweka wa pili, bega la pili.

"Na mikono je? Ukipita juu ya mikono si utapendeza zaidi?"

"Utapendeza, Bwana, lakini..."

"Pitisha!"

Akapitisha.

"Na mapajani. Zungusha mapajani, ufunge vizuri. Siku hizi wezi ni wengi."

"Ni kweli, Bwana," Kalunguyeye akasema. "Wezi ni wengi." Akazungusha, akafunga.

"Na shingoni!"

Akafunga na shingoni. Kisha akasema, "Sasa mkoba ukauke ukiwa umejaa, usije ukawa mdogo."

"Jaza! Viazi vyangu vyote viko pangoni. Jaza!"

Viazi vile vilikuwa vya watu, lakini akajaza. Kisha Kalunguyeye akarudi nyuma, akatazama, akapiga makofi.

"Usitikisike, Bwana. Mkoba ukikauka ndipo unapokuwa wa kiume."

Nyani akakaa. Jua likapanda. Ngozi ikaanza kusema: nyiii.

"Kalunguyeye, kitu gani hicho kinalia?"

"Mkoba, Bwana. Unakuzoea."

Jua likapanda tena. Nyiiii.

"Kalunguyeye, mkoba unanikumbatia."

"Unakupenda, Bwana."

Jua likafika utosini. Nyiiiii! Mikono imebanwa mbavuni. Mapaja yamebanwa. Viazi vimemkalia tumboni kama mawe. Nyani akataka kuuma mkanda, shingo ikakataa kuinama. Akataka kugeuka, shingo ikakataa kugeuka. Na lile jiwe chini yake, kwa jua la mchana, likawa kikaango.

"Ndugu yangu Kalunguyeye!"

Kalunguyeye akatazama huku na huku. "Ndugu yako yuko wapi, Bwana? Mimi naona kiwiko tu."

"Nafa! Huku juu nabanwa, huku chini naungua! Dawa yake nini?"

"Maji. Ngozi ikilowa hulegea. Lakini kisima kiko kule kwangu, nami mikono yangu midogo. Maji nitayaletea ndani ya nini?"

"Mikoba! Kuna mikoba miwili pangoni, chukua!"

"Mikoba ya nani, Bwana?"

"Yan..." Nyani akaanza. Jiwe likamkumbusha, chwaa!

"Yako!" akapiga kelele. "Yako! Umeishona wewe! Chukua yote!"

Kalunguyeye akaitundua. Mmoja bega hili, mmoja bega lile, akashuka mlima mkoba kwa mkoba, akiimba.

Kisima alikipita alasiri, na pale kisimani akakutana na wakwe, wamekuja na ngoma. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hata yeye alifanya hivyo hivyo. Akawatangulia nyumbani, akatia ugoro katika mkoba mmoja, akasimama mlangoni. Baba wa kijana akautazama mkoba, akaupapasa mshono.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwiba wangu, mkono wangu."

"Mkanda huu hautakatika hata kwa wajukuu," akasema mkwe. Kalunguyeye akatia mkono, akatoa ugoro, akawapa. Wakanusa. Mashavu chumbani ameshika pumzi.

"Chya!" akasema baba wa kijana.

"Chya!" akasema mjomba.

"Chya! Chya! Chya!" wakasema wote, na Mama Mashavu akapiga kigelegele kikavuka milima. Wakala, wakacheza. Kalunguyeye alicheza na mkoba wake mpaka watu wakasema, tazameni, mkoba unacheza peke yake.

Lakini alikuwa ametoa neno la kuleta maji. Jua lilipoegemea milima akajaza maji katika mkoba wa pili, ukivuja vuja, akapanda, akammwagia Nyani. Ngozi ikalegea. Nyani akachomoka, akaacha mkoba, akaacha viazi, akakimbia huku ameshika nyuma. Viazi vikarudishwa kwa wenyewe.

Tangu siku ile nyani ana upara pale anapokalia. Watu husema nyani haoni kundule, nao hudhani ni kwa sababu ya majivuno. Siyo. Ni ile shingo. Haijalegea mpaka leo.

Funzo la hadithi hii, wanangu, mlishike sana: waheshimuni wakubwa. Mkubwa akitaka chako, usibishane naye, usimnung'unikie. Mpe. Mpe vyote anavyotaka, na vya ziada. Ila mpe vikiwa vibichi.

Hapa uzi umekatika, mwiba naurudisha mgongoni. Hadithi ikiwakaa vizuri, vaeni muende nayo. Ikiwabana, ilowekeni.