Siku Sungura Alipopewa Nchi

Msinicheke, watoto. Harusini Pangani niliona kiti kimepambwa, kitupu, nikakaa, nikakunja nne. Kumbe cha bwana harusi. Shangazi zake bibi harusi walikwishaanza kunimwagia marashi. Tangu hapo kiti kitupu nakiogopa, kama Sungura alivyokiogopa kile cha Simba.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na masufuria yao, Simba alitawala peke yake miaka ishirini. Akawachokoza Nyati, vita vikaja. Nyati walipovuka mto, Simba akamwita Sungura barazani, akainuka kitini.

"Mwanangu, nimechoka. Unda serikali. Kaa."

Sungura hakukaa. Alichungulia uani, akamwona mke wa Simba akiburuta godoro.

"Mnahama, mzee?"

"Tunaanika godoro."

"Limefungwa kamba?"

Simba akakohoa.

"Na mawaziri wangu nani?"

"Chui na Fisi."

"Wako wapi?"

"Wanakuja. Sungura, unakubali au nikule?"

Masikio yakamsimama Sungura. Akikataa, ataliwa. Akikubali, Nyati watamkanyaga yeye, Simba yuko njiani na godoro lake.

"Nakubali, mzee. Ila mila yetu waijua. Anayetoka hupuliza siwa mwenyewe, mara saba, nchi nzima isikie. Bila hivyo mtawala bado ni wewe, na Nyati watakufuata huko liendako godoro."

Simba akakuna kidevu. Ile pembe ya utawala aliipenda kuliko watoto wake.

"Mara moja haitoshi?"

"Saba, mzee."

Vuuu! Vuuu! Sungura akahesabu taratibu. Kufika ya tano, ardhi ikatikisika, gidi gidi gidi. Nyati walikuwa wakiifuata sauti. Wakaingia kwa mbele, wakaingia na kwa uani.

"Mtawala hapa nani?" akauliza mkubwa wao.

Simba, siwa ingali mkononi, akasema, "Sungura. Ana serikali mpya kabisa."

"Mpya tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii."

"Siwa haijafika saba," akasema Sungura kutoka pembeni. "Na kiti sijakikalia. Kiguse, bwana mkubwa, joto ni lake."

Nyati akakigusa. Kweli, kilikuwa bado cha moto.

"Lakini mwite Sungura avijibie yeye vita hivi!" akalia Simba.

"Ulipokuwa unashiba hukumwita," akasema Nyati. "Leo pia mwache."